Mgeni Ndani ya Sanduku la Sauti

"Huyu hapana wa kwetu," Wilfried alisema, akarudi nyuma kana kwamba ameona nyoka.

Inspekta Anastasie aliinama juu ya kompyuta iliyofunguliwa ubavu. Ndani mlikuwa na diski mbili, moja juu ya nyingine, kila moja ukubwa wa kitabu kidogo cha nyimbo za kanisani. Ya juu ilikuwa na vumbi jekundu la mji wa Baraka kwenye kingo zake. Ya chini iling'aa. Mashine nzima ilikuwa inalia, mlio mwembamba unaokatika na kuanza tena, kama kifaranga aliyempoteza mama yake.

"Izime kwanza," alisema Inspekta.

"Niizime? Na kama haitaamuka tena? Ile ya juu njo imebakia peke yake na sauti zote, Mama Inspekta."

"Basi iache ilie. Niambie kilichoibwa."

"Ya chini. Ya kwetu imetoka, wameweka hii mu nafasi yake."

Hiyo ilikuwa asubuhi ya Jumatatu, mwaka 2009, wakati majeshi yalipokuwa yakipigana tena katika milima ya Fizi. Nyumba ilikuwa ya Redio Sikio la Ziwa, kando ya barabara inayoshuka kwenye bandari ya Mwemezi. Mashine ile watu wa mji waliiita Sanduku la Sauti. Wanaume na wanawake wa pwani na milimani, kutoka Makobola hadi Fizi, walikuwa wamekaa mbele ya kipaza sauti cha redio na kueleza yale waliyoyaona kwa macho yao katika miaka ya vita. Walitaja mahali. Walitaja majina. Sauti zao zilikuwa zikingojea mahakama, na hakuna aliyejua mahakama itakuja lini.

Inspekta alifumba macho kidogo. Kabla ya kila upelelezi alimwomba Mungu jambo moja tu, asimfunge mtu asiye na kosa. Kisha akavaa glovu za mpira alizopewa na muuguzi wa hospitali, akaanza kazi.

Mlango wa chumba haukuvunjwa. Dirisha lilikuwa na nondo zake zote. Vipaza sauti vilikuwepo, redio za mkononi zilikuwepo, betri za sola zilikuwepo. Mwizi alifungua skrubu, akatoa diski moja, akaweka nyingine, akarudisha kila skrubu mahali pake na kuikaza vizuri. Alama za vidole hazikuwepo, kwa maana mahali alipogusa palikuwa pamepanguswa kwa kitambaa.

Chini ya skrubu ya mwisho kulikuwa na uzi mdogo wa kijani, umenaswa. Inspekta aliuvuta kwa kibano na kuuweka ndani ya kiberiti kitupu. Hicho kilikuwa kielelezo cha kwanza.

"Sasa wewe," alimwambia Wilfried. "Nani anajua kufungua mashine hii?"

"Mi."

"Nani mwingine?"

"Wengine banashikaka tournevis, hii bisibisi, nikiwaomba. Lakini fundi ni mi."

"Na ufunguo wa chumba?"

"Batu bote ba redio banajua kwenye unalala. Juu ya mlango."

"Jumamosi na Jumapili ulikuwa wapi?"

"Fizi. Kwa shemeji yangu. Alioa."

"Nje, watu wanasema ni wewe."

Wilfried alikuwa kijana mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Hakupandisha sauti. Alinyoosha kidole kwenye diski mpya, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akacheka.

"Mama Inspekta, kama ingekuwa mi, mashini haingelia. Mi ningechagua hii? Munitukane mwizi, sawa. Musinitukane fundi mubaya."

"Eleza."

"Diski hizi mbili ni mapacha. Kila sauti inaandikwa kwa huyu na kwa huyu, wakati moja. Mumoja akikufa, mwingine iko na yote. Halafu unatafuta mwingine, unamuweka, wa zamani anamufundisha yote anajua. Lakini mupya asikuwe mudogo kuliko wa zamani. Hata kidogo kama unywele."

"Hii ni ndogo?" Inspekta aligeuza diski ngeni. "Zote zimeandikwa gigabaiti mia mbili na hamsini."

"Iko vile na bidon, dumu ya mafuta ya ngazi, haya ya mawese. Bidon mbili zimeandikwa litre makumi mbili. Moja imebonyea kwa chini. Ukimimina mafuta ya ile muzima mu ile yenye imebonyea, itamwangika. Kila usine, kila kiwanda, inahesabu mwisho wake. Hii imepungua kidogo sana, na mashini haikubali kumwanga hata tone. Njo maana inalia."

"Kwa hiyo mwizi alijua namba."

"Alijua namba. Hakujua ule mwisho wake."

Inspekta aliwaza. Mwizi wa kawaida huchukua na kukimbia. Huyu alijaza pengo. Alitaka mashine iendelee kufanya kazi, na alitaka mtu asijue.

Mkurugenzi wa redio, Mama Georgette, alikuwa amesimama mlangoni, mikono yake imeshika kichwa. Nyuma yake alisimama Papa Nicolas, msomaji wa habari, mtu wa makamo mwenye sauti nzito ambayo kila nyumba ya Baraka iliijua.

Ndipo Mama Hawa alipoingia bila kubisha hodi, harufu ya ndakala, dagaa wa ziwani, ikimtangulia. Alikuwa ametoka kuanika samaki, na mikono yake iling'aa.

"Banasema kule port sanduku limeibiwa. Sauti yangu iko wapi?"

Mashine ililia.

"Mama Georgette, naongea na we. Niliweka mukono juu ya Kurani, na we ukaweka juu ya Biblia. Ukasema sauti haitatoka mu hii nyumba paka siku ya tribunali. Nilitaja jina. Ule muntu nilitaja, leo iko na kombati mupya na balinzi. Akisikia ni mi nilisema, hatanitumia salamu."

"Hawa, dada yangu..." Georgette alianza, na machozi yakamzuia.

Nicolas alimsogezea Hawa kiti. "Sauti yako iko salama, Mama Hawa."

"We unajua je?"

"Ninaomba Mungu."

"Omba, Papa. Lakini usinisomee habari yenye haiko kwa karatasi yako."

Inspekta alisikia maneno yale na kuyaweka moyoni. Akamchukua Hawa pembeni.

"Leo usilale kwako. Nenda kwa dada yako, na watoto wote. Mimi nitairudisha diski ile."

"Polisi banasemaka vile."

"Polisi husema hivyo," alikubali Inspekta. "Leo nasema mimi Anastasie, binti wa mchungaji wa Mboko. Mwamini huyo kama humwamini afisa."

Hawa alimtazama muda mrefu, kisha akajifunga kitenge chake na kuondoka.

*

Diski moja ilikuwa imebaki na sauti zote, na ilikuwa imechoka. Wilfried alisema haiwezi kuachwa peke yake hata kidogo. Kwa hiyo Inspekta alienda naye kutafuta diski ya kuweka mahali pa ile iliyoibwa. Alikuwa na sababu ya pili. Alitaka kujua mahali ambapo mtu wa Baraka anaweza kupata diski.

Palikuwa na mahali pamoja tu, dukani kwa Papa Useni karibu na bandari. Useni alikuwa na boti mbili zinazokwenda Kigoma, nchi ya ng'ambo, na kurudi, na duka lake lilikuwa na kila kitu kilichoweza kuvuka ziwa, kama sabuni, misumari, simu, nyavu na nyaya. Alivaa kofia nyeupe iliyofuliwa vizuri.

"Fundi Wilfried!" alisema. "Nasikia uko mwizi."

"Papa Useni, nasikia uko munene."

"Ile ni kweli." Useni aliweka boksi juu ya meza. "Chagua."

Wilfried alichukua ya kwanza, akasoma karatasi yake, akairudisha. "Hii ni ndugu ya ule mugeni. Namba sawa, imepungua. Hapana."

Ya pili ilikuwa kubwa, lakini alipoitikisa karibu na sikio alikunja uso. "Hii ilishatumikia batu wengine. Imechoka mbele ya kufika. Hapana."

Ya tatu ilikuwa na mdomo mpana wa zamani, meno mengi kama kitana. Mashine ya redio ilihitaji mdomo mwembamba. "Hapana."

"We unachagua diski ao bibi?" Useni aliuliza.

"Bibi ningechagua mbio."

Zilibaki mbili, mpya, ndani ya plastiki yake, zimetoka boksi moja. Zilikuwa kubwa mara mbili kuliko ya zamani. Wilfried alizisoma mara mbili, akatabasamu.

"Hii. Mashini itatumia nusu tu, sawa na pacha wake. Ile ingine itakaa bure."

"Unanunua nyumba ya vyumba vine, unalala mu viwili," alisema Useni. "Sawa. Chukua bote mbili, ile ya zamani nayo itakufa siku moja. Hizi ni ndugu, zimetoka tumbo moja."

"Moja tu, Papa."

"Mbona?"

"Zenye zimezaliwa siku moja, mu usine moja, boksi moja, zikifanya kazi moja, zinaweza kugonjwa siku moja. Siku ile unabakia na nini? Mi sitiaka bandugu ba boksi moja mu mashini moja. Nabatenganisha."

Inspekta Anastasie alikuwa akitazama nje, kwenye maji. Aligeuka polepole.

"Rudia."

"Nabatenganisha, Mama Inspekta. Ili bote basikufe pamoja."

Katika nchi ya Fizi hakuna nyumba isiyolijua jambo lile. Mwaka 1998 Anastasie alikuwa msichana. Risasi ziliposikika, mama yake alisimama mahali njia inapogawanyika, akawatazama watoto wake mmoja mmoja, akawagawa. Wavulana na mjomba, kwenda milimani. Wasichana na yeye, kando ya ziwa. Hakuna aliyemfundisha. Kila mama wa pwani ile alifanya vile siku zile, na kila mmoja alimwomba Mungu mkono wake uwe umegawa vizuri. Wale waliobaki wote chini ya paa moja, wengi wao hawakuwa na mtu wa kuwalilia.

Inspekta alijilaumu. Tangu asubuhi alikuwa akimtafuta mtu aliyetaka kuziuza sauti zile. Labda alipaswa kumtafuta mtu aliyetaka kuzikimbizia mahali salama.

"Papa Useni," alisema, "sikuulizi uliuza nini. Nakuuliza boti yako ilibeba nini."

Kofia nyeupe iliinuka. "Mi sifunguaka mizigo ya batu. Vita ya kwanza, vita ya pili, nilivusha batu na vitu. Hakuna muntu hapa ao Kigoma anaweza kusema Useni alifungua."

"Sikuulizi ndani kulikuwa nini. Nje kulikuwa nini?"

Useni alifikiri kama swali lile linamruhusu kujibu. "Kitambaa. Kya kijani, na samaki ya njano. Kimefungwa muzuri."

Inspekta alifungua kiberiti na kukisukuma mbele yake. Uzi wa kijani ulilala ndani.

Useni hakuugusa.

"Kilivuka kwenda Kigoma?"

"Jana."

"Na kabla ya hapo kulikuja kingine kutoka Kigoma?"

"Kilikuja. Katoni kadogo."

"Kwa nani?"

Useni alianza kurudisha diski ndani ya boksi.

"Papa Useni. Kuna mama anayekausha ndakala mita chache kutoka hapa. Jina alilotaja limo ndani ya kifurushi kile. Kama kimeangukia mikono mibaya, watamfuata na watoto wake. Nataka kujua ni mikono gani. Hilo tu."

Mzee alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena.

"Hapana mibaya," alisema hatimaye. "Ile mikono niliishika mi mwenyewe, mu tisini na nane, ikiwa midogo hivi. Nilimupandisha mu boti na shangazi yake. Alilia njia yote, anaita pacha wake mwenye alibakia na mama yao huku. Leo ni muntu mukubwa, anashona nguo Kigoma, mtaa ya Mwanga. Jina yake Vanessa."

"Baba yake yuko hai?"

"Baba yake unamusikia kila asubui na mangaribi. We na Baraka yote."

Wilfried aliketi juu ya gunia la chumvi. "Seigneur, Mungu wangu," alisema.

*

Papa Nicolas alikuwa akimaliza habari za jioni Inspekta alipoingia studio. Alisoma kuhusu barabara ya Mboko, kuhusu chanjo ya watoto, kuhusu mechi ya mpira. Hakuharakisha. Kisha alizima kipaza sauti na kukifunika kwa kitambaa chake, kama alivyofanya kila siku ili vumbi lisikiingie.

Kitambaa kilikuwa cha kijani chenye samaki wa njano. Kilikuwa nusu. Upande mmoja ulikuwa umechanwa, na nyuzi zilining'inia.

Inspekta aliweka kiberiti juu ya meza, wazi, karibu na upande ule.

Nicolas alitazama. "Nilikuwa nakungojea," alisema.

"Ulifungua mashine lini?"

"Jumapili, kiisha misa. Nilipita hapa na nguo za kanisa. Mlinzi wa lango anajua mi ni wa hapa."

"Ulijifunzia wapi kufungua?"

"Kwa Wilfried. Mi njo namushikiaka tournevis."

"Namba ya diski?"

"Niliisoma, nikamupigia mutoto wangu telefone. Alitafuta Kigoma, akaleta yenye namba ileile. Niliona ni sawa. Nilijua Wilfried hatajua kitu." Alitikisa kichwa. "Mashini ilijua."

"Ungeweza kuomba nakala. Ungeziacha mbili zote hapa."

"Mi sijui kukopya, Mama Inspekta. Najua kugawa."

Inspekta hakuuliza tena. Wapo watu ambao ukinyamaza mbele yao huja wenyewe. Nicolas alivuta pumzi, na sauti ile nzito, ambayo haikuwahi kutetemeka hewani, ikatetemeka.

"Nilikuwa na batoto mapacha, Vanessa na Nadia. Tulikaa upande wa Mboko. Siku vita inafika, mi nilikuwa Uvira, njia imefungwa. Mama yao aligawa. Vanessa alimupa dada yangu, wavuke. Nadia alibakia naye. Boti ilikuwa inajaa, na yeye alisema, mumoja avuke sasa, sisi tutafuata na ingine. Haikukuwa ingine." Alinyoosha kitambaa juu ya kipaza sauti. "Watu walinipa pole. Mi kila siku namushukuru ule mwanamuke. Kama angebashika bote mbili, leo sina muntu wa kuniita papa."

"Endelea."

"Wilfried alitufundisha mu reunion, ule mukutano wa kazi. Alisema, diski ni mapacha, hakuna shida. Nilimuuliza: na nyumba ikichomwa? Akasema, basi, zitaungua bote. Vile tu. Batu bakacheka. Mi sikucheka. Redio hii walishaipora mbele. Walichukua hata mabati. Na ile wiki walisema batu ba bunduki banashuka tena. Nikaomba komite: pacha mumoja avuke. Komite ikasema tuliapa, sauti haitatoka mu nyumba. Na ni kweli. Mi mwenyewe nilisoma kile kiapo kwa mikro. Nilikivunja na mukono wangu."

"Ulimwona Mama Hawa leo asubuhi."

Nicolas aliinamisha kichwa.

"Ulimwona, na ukanyamaza."

"Ningesema, mungeirudisha. Zingelala tena nyumba moja."

Inspekta alikuwa ameshawahoji wezi wengi, na wengi walilia kwa sababu walikamatwa. Huyu alikuwa amekaa wima. Ndani ya hatia yake kulikuwa na fahari, na Inspekta hakuweza kuidharau. Lakini hakuiacha ipite pia.

"Papa Nicolas, ulikuwa na haki ya kuogopa. Hukuwa na haki ya kuamua peke yako kwa shingo ya mwanamke mwingine. Mkeo aligawa watoto wake. Wewe umegawa sauti ya Hawa, bila kumwuliza."

Maneno yale yalimfikia. Alifunika uso kwa mikono, na aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida.

"Nifunge. Ni haki."

"Nakufunga. Na utampigia binti yako simu sasa hivi, mbele yangu. Alete kifurushi yeye mwenyewe, asimpe mtu."

*

Wilfried aliweka diski mpya siku iliyofuata, mbele ya Inspekta, Georgette na kamati nzima. Alikaza skrubu ya mwisho, akaunganisha mdomo mwembamba, akawasha. Mashine ililia mara moja.

Kisha ikanyamaza.

"Imekubali," Wilfried alisema. "Wa zamani anamufundisha. Tumuache." Alivua miwani na kuifuta ingawa haikuwa na vumbi. "Na ile mugeni, munipatie. Nitaitumia kwa mashini ya muziki. Hana kosa, ni mufupi tu."

Kesho yake Vanessa alifika na boti ya Useni. Alikuwa hajakanyaga Baraka tangu utotoni. Alishuka majini akiwa ameshika kifurushi cha kijani kifuani kwa mikono miwili, akakataa mtu yeyote amsaidie. Baba yake alikuwa amesimama ufukoni kati ya polisi wawili, pingu mikononi. Walitazamana. Vanessa alimpigia magoti kwanza, pale pale kwenye mchanga, ndipo akasimama na kumkabidhi Inspekta mzigo.

"Nani alifungua?" Inspekta aliuliza.

"Hakuna. Nililala nayo."

Fundo lilikuwa lilelile la Nicolas. Uzi ulilingana na kitambaa.

Walikwenda redioni. Wilfried aliiunganisha diski na kompyuta nyingine, akatafuta, akampa Mama Hawa vifaa vya masikioni. Hawa alivivaa juu ya kitambaa cha kichwa. Wengine hawakusikia kitu. Waliuona uso wake tu, na midomo yake ikianza kusogea, ikisema pamoja na sauti ile neno kwa neno, bila kukosea. Alipofika kwenye jina, alilisema kwa nguvu. Georgette alishtuka. Hawa hakushtuka.

Alivua vifaa vile na kuviweka mezani.

"Ni mi," alisema. "Na mu ile ya zamani niko?"

"Uko," Wilfried alijibu.

"Na mu ile mupya?"

"Uko mu ile mupya pia. Ilimaliza kukujifunza asubui."

Hawa alimgeukia Nicolas.

"Papa Nicolas. Nililala kwa dada yangu kama muntu anafichwa, na we ulijua. Uliniona na ukanisomea habari ya uongo. Ile sikusamehe leo. Nitasamehe siku yangu, mi mwenyewe nitachagua."

"Ndiyo, mama."

"Mama Georgette, leta Biblia. Mi niko na Kurani yangu. Kile kiapo kilikuwa kifupi, tukirefushe."

Waliapa upya, mikono juu ya vitabu viwili, kwamba sauti zitakaa katika nyumba mbili, na kila mtu aliyezungumza ataulizwa kwanza, na asiyetaka sauti yake itatolewa. Hawa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuulizwa. Alichukua diski mezani, akaifunga mwenyewe ndani ya kitambaa cha kijani, akamwekea Vanessa mikononi.

"Irudi kwenye ilikuwa," alisema. Kidevu chake kilikuwa juu. "Wakichoma hii nyumba, nasema. Wakiniua mi, nasema. Sasa niko nasema mu inchi mbili."

Inspekta Anastasie aliandika jalada lake bila kupunguza neno. Aliandika uvunjaji wa kiapo, uchukuaji wa mali ya redio bila ruhusa, kukiri kosa, na chini kabisa maneno ya mlalamikaji Hawa, kama alivyoyasema. Mwendesha mashtaka angeamua. Kamati ilishaamua ya kwake, kwamba Nicolas hatagusa kipaza sauti hadi Mama Hawa aseme.

Lakini boti ya Useni ilikuwa inaondoka, na mawimbi yalikuwa makali kidogo karibu na ufuko.

"Nani anabeba muzigo paka ndani?" Useni aliita kutoka juu ya boti. "Mi sibebaka vya serikali!"

Inspekta alitazama kifurushi, akamtazama Nicolas. Mwaka 1998 mtu huyu alikuwa Uvira. Hakuwa amemsindikiza mtoto wake hadi majini.

Alitoa ufunguo, akafungua pingu.

Nicolas aliingia ziwani na viatu vyake, binti yake kando yake, kifurushi juu ya kichwa mbali na maji. Alimwinua Vanessa kwenye boti, kisha akampa mzigo. Vanessa alishika mkono wake hadi injini ilipowaka, na boti ilipoanza kwenda mbali hakulia. Alipunga mkono akiwa amesimama.

Nicolas aliisindikiza boti kwa macho mpaka ikawa nukta. Kisha akarudi ufukoni, maji yakimtiririka magotini, akamnyooshea Inspekta mikono yake miwili.

Inspekta alikuwa amekwisha kuzitia pingu mfukoni.

"Tutembee tu, Papa Nicolas," alisema. "Njia ya kituo unaijua."